Safari ya Mikindani, Masasi na Newala

Nina mpwa wangu afanyaye kazi mjini Dar es Salaam, naye kila ajapo likizo huniletea habari za nchi za mbali. Mwaka huu alikuja mwezi wa Julai, akafungua simu yake akanionyesha picha za miji midogo ya Ulaya, ile ambayo wageni huvuka bahari ili waitazame tu. Mmoja ni San Marino, uliokaa juu ya mlima wa Titano kama kofia juu ya kichwa. Wa pili ni Orvieto katika Italia, uliojengwa juu ya jabali ambalo kingo zake zimesimama kama ukuta pande zote. Kijana akatazama picha zile kwa shauku, akasema, "Mjomba, nikipata fedha nitakwenda huko. Kwetu kuna nini cha kutazama?"

Sikumkasirikia, maana nami ujanani nalisema vivyo hivyo. Tena naungama kwenu kwamba nimefika Newala mara nyingi kwa shughuli za korosho, nikaingia usiku na kutoka alfajiri, na kwa miaka mingi sikwenda hata siku moja kusimama penye Shimo la Mungu, ijapokuwa si mbali na boma. Mtu anayefanya hivyo hana haki ya kumcheka mwenzake. Basi nikamwambia kijana, "Nipe siku nne za likizo yako. Na kila mji tutakaoingia, uliza neno moja tu: kwa nini watu walijenga hapa, wala si pale?" Akakubali, nadhani kwa kunistahi.

Tulianza Mikindani, ulio mwendo mfupi kutoka Mtwara kwa njia ya Lindi. Huko swali letu lilipata jibu upesi. Ghuba imeingia ndani ya nchi kama kikombe, upepo wa bahari hauisumbui, na majahazi yalipata pa kupumzika tangu zamani za kale. Mwezi wa Machi mwaka 1866 David Livingstone alishuka hapa kwa safari yake ya mwisho barani, akiwa na ngamia, nyati, nyumbu na punda, maana alitaka kujua kama wanyama hao wangestahimili mbung'o. Wengi wao walikufa njiani. Wadachi nao walijenga boma lao juu ya mji mwaka 1895. Boma hilo baadaye lilitengenezwa upya likafanywa hoteli, na aliyesimama barazani mwake huona paa za mji, minazi na ghuba yote.

Lakini Mikindani ilibaki ndogo kwa sababu ile ile iliyoianzisha. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Kiingereza ilikuwa na mpango wa kulima karanga huko Nachingwea, ikatafuta mahali pa kutia nanga meli kubwa, ikachagua maji ya kina ya Mtwara. Mpango wa karanga ulishindwa vibaya, bandari ikabaki, na biashara ikahamia Mtwara. Ndiyo maana nyumba za mawe za Mikindani, zenye milango ya kuchongwa na roshani za mbao, hazikubomolewa ili kupisha mpya. Nyingine zimeanguka zenyewe, na mibuyu imesimama kando yake kama wazee wanaongoja kuulizwa. Tulikula pweza wa kuchoma karibu na maji, kijana akapiga picha nyingi. Naona hata sasa amesahau kwamba hakutaka kuja.

Siku ya pili tulishika njia ya bara. Kutoka Mtwara mpaka Masasi ni kama kilometa 200, na msafiri mwenye haraka hulala usingizi wote huo. Namwomba ashuke Ndanda, ijapokuwa kwa saa mbili tu. Wamonaki Wabenediktini walikaa hapo tangu mwaka 1906, baada ya vituo vyao vya Nyangao na Lukuledi kuharibiwa katika Vita vya Maji Maji. Abasia, hospitali na shule zao zinajulikana kusini yote. Mimi nalimpeleka kijana atazame kitu kingine, yaani maji. Chini ya ukuta wa uwanda wa Makonde hutoka chemchemi safi, baridi, zisizokoma hata wakati wa kiangazi. "Maji haya yatoka wapi?" akauliza. Nikamwonyesha ule mwinuko juu yetu, nikamwambia kwamba huko juu kwenyewe hakuna mto wala kijito. Akadhani namfanyia mzaha. Nikamwambia tutaonana kesho kutwa.

Masasi ni kwetu, kwa hiyo msomaji anisamehe nikiusifu. Mtu atokaye pwani husafiri katika nchi ya mawimbi madogo madogo, kisha ghafula huona majabali yamechomoza ardhini, makubwa, mekundu jioni na meusi baada ya mvua, bila vilima vya kuyatangulia. Mji umekaa miguuni pa majabali hayo. Asubuhi na mapema nenda Mtandi, penye kanisa kuu, kabla jua halijapata nguvu. Mwamba huwa bado na baridi ya usiku, na sauti za mji hupanda moja moja: jogoo, pikipiki, mtu anayepasua kuni.

Kwa nini hapa? Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule aliyetoa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870, aliondoka Unguja pamoja na watu 50 na zaidi waliokombolewa katika utumwa. Walishuka Lindi, wakaingia bara kwa miguu. Nia ilikuwa kuwafikisha mbali zaidi, upande wa ziwa la Nyasa, ambako wengi wao walitoka walipotekwa. Hata walipofika Masasi wakaona udongo mwema na maji karibu, wakaomba kukaa, wala Askofu hakuwalazimisha kuendelea. Kwa hiyo mji huu ulichaguliwa na watu ambao walikuwa wametiwa bei sokoni, na huenda hiyo ndiyo mara ya kwanza tangu kutekwa kwao kuulizwa wanataka kukaa wapi. Nalimweleza kijana jambo hili tukiwa tumeketi mwambani, akanyamaza kitambo. Amezaliwa hapa, wala hakuna mtu aliyekuwa amemwambia. Kosa hilo ni letu sisi wazee.

Mwenye nafasi aende pia Lupaso, alikozaliwa Benjamin Mkapa mwaka 1938, Rais wetu wa tatu, na alikozikwa mwaka 2020. Sisi hatukukawia huko, maana siku zilikuwa zinatuishia.

Lakini ardhi njema yenye maji huonwa na wengine pia. Mwaka 1882 Wangoni, ambao wakati ule waliitwa Magwangwara, waliishukia Masasi, wakachoma nyumba, wakaua, wakachukua mateka. Baada ya msiba huo padre Chauncy Maples alihamia Newala pamoja na baadhi ya watu, kwa Matola, mkuu wa Wayao. Huko juu mtu huona adui akiwa bado mbali. (Maples huyu baadaye alifanywa Askofu wa Likoma, akafa maji katika ziwa la Nyasa mwaka 1895. Kila nisomapo habari zake huwaza juu ya miaka ile aliyokaa Newala, mahali ambapo mtu huona kiu kabla ya kuona maji.)

Siku ya nne tukapanda Newala, na safari hii mama yangu alitaka kwenda nasi. Alizaliwa katika kijiji kimoja cha huko, lakini aliolewa Masasi, na tangu hapo hakurudi ila kwa misiba. Njiani mikorosho ilikuwa imeanza kutoa maua, na harufu ya salfa waliyoipulizia wakulima iliingia madirishani mwa basi. Kadiri tulivyopanda, baridi ilizidi. Mgeni ajaye Juni au Julai asidharau shauri langu la kuchukua sweta. Akija msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, na atafute chumba mapema, maana wanunuzi hujaza nyumba za wageni.

Mji wa Newala ni wa upepo na mchanga mwekundu. Katika nyumba nyingi utaona mifereji ya bati ikielekea kwenye shimo lililochimbwa na kusakafiwa uani, likiwa na mfuniko. Hilo ni ghala la mvua. Maana uwanda wa Makonde ni mchanga mzito juu ya tabaka lisilopitisha maji: mvua hunyesha, mchanga huinywa yote, nayo hushuka chini mpaka itokee miguuni pa mwinuko, huko Ndanda na mabondeni kwingine. Anayekaa juu amekalia maji asiyoweza kuyafikia. Miaka ya 1950 ulianza mradi wa kuyavuta maji kwa mitambo toka bondeni na kuyaleta juu kwa mabomba. Kabla ya hapo yaliletwa na vichwa vya wanawake.

Kwa nini basi walikaa juu? Mtaalamu wa Kidachi, Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, aliandika hadithi ya Wamakonde. Hapo mwanzo alikuwako mtu mmoja peke yake msituni, akachonga sanamu ya mti, akaisimamisha usiku, na asubuhi akaikuta imekuwa mwanamke. Wakaoana. Wakakaa karibu na mto, mtoto akazaliwa amekufa. Wakahama, wa pili naye akazaliwa amekufa. Hata walipofika juu kabisa, upande wa Mahuta, wa tatu akaishi. Ndipo wakawaagiza wazao wao wasikae karibu na maji makubwa. Msomaji anaweza kucheka, lakini na akumbuke kwamba bondeni kulikuwa na mbu wa homa na njia ya watekaji. Waliopanda juu walipata watoto wanaoishi, wakalipa kwa kiu.

Jioni tukaenda Shimo la Mungu. Unatembea mahali tambarare, huna habari, mara nchi inakatika mbele ya miguu yako. Chini sana kuna miti iliyo kama majani ya mboga, vijia kama nyuzi, kisha bonde la Ruvuma limetanda, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji, buluu juu ya buluu, mpaka jicho lichoke. Kijana aliitoa simu, kisha akairudisha mfukoni asipige picha.

Halafu akasema, "Mjomba, hapa ni kama Orvieto." Akatusimulia kwamba mwaka 1527 mji wa Roma ulitekwa nyara, na Papa Klementi wa Saba akakimbilia Orvieto kwa sababu ya jabali lake. Huko juu akaogopa kwamba adui wakiuzingira mji watu watakufa kwa kiu, akaamuru kichimbwe kisima. Fundi wake, Antonio da Sangallo, alichimba kwenda chini zaidi ya meta 50, akajenga ngazi mbili za kuzunguka, kila moja ina vidato 248, ili punda ashukaye kufuata maji asikutane na punda apandaye na mzigo. Kilimalizika mwaka 1537, na Papa mwenyewe alikuwa amekwisha kufa. Siku hizi wageni hulipa kiingilio ili washuke ngazi zile na kupanda tena.

Mama alikuwa amesikiliza yote, ameufunga upande wa khanga yake kwa ajili ya upepo. Akauliza, "Punda walibeba?" Kijana akasema, "Ndiyo, Bibi." Mama akaguna. Kisha akanyosha kidole ukingoni, akaanza kutuonyesha mambo ambayo mimi, mwanawe, sijapata kuyasikia. Pale penye mti ulioinama ndipo walipotua mitungi mara ya kwanza. Pale penye jiwe jeupe, mara ya pili. Waliondoka jogoo wa kwanza, wakarudi jua limekwisha kuwa kali, na maji yale yalikuwa ya kunywa na kupikia, kuoga ni kwa kipimo. Mahali fulani chini ya jiwe lile mtungi wake ulimponyoka siku moja, akiwa msichana wa miaka kama kumi, ukavunjika. Hakulilia mtungi. Alikaa akatazama jinsi mchanga ulivyoyanywa maji, akajua ya kuwa lazima arudi chini tena.

"Ni mbali kiasi gani?" kijana akauliza.

"Shuka uone."

Akashuka kweli, na viatu vyake vya mjini. Tulimwona akipungua, akapita mti ulioinama, akapotea, akaonekana tena karibu na jiwe jeupe. Hakufika mbali zaidi ya hapo. Jua lilikuwa linagusa vilima alipopanda, shati limemganda mgongoni, ameshika magoti, hawezi kusema neno.

Mama akamtazama kwa huruma yote ya bibi, akamwambia, "Na bado hujabeba kitu, mjukuu wangu."