Mnada wa Mtandaoni: Muuzaji Amsubiri Mnunuzi kwa Siku Ngapi?

Katika mnada wa uwanjani, mnadi huhesabu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na aliyefika bei hulipa palepale akaondoka na mali yake. Mnada wa mtandaoni hauendi hivyo. Muda wa kuweka madau ukiisha, muuzaji hubaki na jina la mshindi, namba yake ya simu na ahadi. Fedha bado hazijaonekana, na mali haiwezi kuuzwa kwa mtu mwingine bila hofu ya kuvunja makubaliano. Kwa mtu anayeuza cherehani au jokofu ili apate ada ya shule au mtaji, kila siku ya kungoja ina gharama yake. Makala haya yanaeleza muda unaofaa kusubiri na hatua za kuchukua muda huo unapopita.

Sheria inasemaje

Nchini Tanzania, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inatamka kwamba mauzo ya mnada hukamilika pale mnadi anapotangaza, kwa kugonga nyundo au kwa njia nyingine iliyozoeleka, kwamba mali imeuzwa. Kabla ya hapo, mtu anaweza kuondoa dau lake. Baada ya hapo amefungwa na mkataba, na muuzaji amefungwa vilevile. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 nayo inatambua mikataba inayofanywa kwa njia ya kielektroniki.

Hata hivyo, Sura ya 214 haitaji idadi ya siku za kulipa. Zaidi ya hayo, endapo wahusika hawakukubaliana vinginevyo, kuchelewa kulipa peke yake hakutoshi kuuvunja mkataba. Hapa ndipo wauzaji wengi hujikwaa. Asiyetaja muda tangu mwanzo hana siku anayoweza kuionyesha na kusema kwamba nafasi ya mnunuzi imekwisha.

Sheria hiyo inampa muuzaji ambaye hajalipwa kinga mbili. Kwanza, anaweza kuishikilia mali hadi alipwe. Pili, akimpa mnunuzi taarifa kwamba anakusudia kuiuza tena, na mnunuzi asilipe ndani ya muda wa kuridhisha, anaweza kuiuza kwa mwingine na kudai fidia ya hasara aliyoipata. Kwa mali inayoharibika upesi, kama samaki au matunda, taarifa hiyo si ya lazima.

Muda unaofaa

Soko la mnada la eBay, lililoanzishwa Marekani mwaka 1995, humpa mshindi siku nne za kulipa. Zikipita, muuzaji anaruhusiwa kufuta mauzo kwa sababu ya kutolipwa. Kipimo hicho kinafaa kuigwa, kwa kuwa kinatoa nafasi kwa malipo ya benki yanayokwama mwishoni mwa juma au siku ya sikukuu, bila kumfunga muuzaji kwa muda mrefu. Lakini muda wa kuridhisha hutegemea aina ya mali na njia ya malipo. Tunashauri yafuatayo:

– Mali inayoharibika upesi: siku ileile ya mnada.
– Malipo kwa simu ya mkononi: saa 48.
– Malipo kwa benki: siku nne.
– Mali ya thamani kubwa, kama gari: malipo ya awali ndani ya siku moja, na salio ndani ya siku saba.

Hatua kwa hatua

1. Kabla ya mnada kufunguliwa, andika sharti la muda mahali ambapo kila mtu ataliona. Kwa mfano: “Mshindi atalipa ndani ya siku nne tangu mnada kufungwa. Asipolipa, mauzo yatafutwa na mali itauzwa kwa mwingine.”

2. Mnada ukifungwa, mtumie mshindi ujumbe unaotaja mali, bei, gharama ya usafirishaji, njia ya kulipa, na siku na saa ya mwisho.

3. Siku ya tatu, mkumbushe kwa lugha ya heshima na umuulize kama amepata kikwazo. Ukimwongezea muda, andika tarehe mpya.

4. Siku ya nne ikipita, mpe taarifa ya mwisho ya saa 24, ukieleza wazi kwamba baada ya hapo utaiuza mali kwa mwingine.

5. Saa hizo zikiisha, mwandikie kwamba mauzo yamefutwa. Kisha mwendee aliyeshika nafasi ya pili kwa dau lake mwenyewe, au anzisha mnada upya. Kama mnunuzi wa kwanza alikwishalipa sehemu ya bei, mrejeshee, isipokuwa masharti uliyotangaza yanasema vinginevyo.

Fidia hupimwa kwa hasara halisi. Tuseme cherehani ilifikia shilingi 350,000, mshindi hakulipa, nawe ukaiuza kwa wa pili kwa shilingi 330,000. Hasara yako ni shilingi 20,000 pamoja na gharama za kuuza tena. Huwezi kudai bei yote. Pima basi kama dai hilo linastahili nauli na siku za mahakamani.

Tahadhari

Usisafirishe mali kabla ya kulipwa. Usitegemee picha ya stakabadhi wala ujumbe wa simu uliotumiwa na mnunuzi, kwani hughushiwa kwa urahisi. Tazama salio katika akaunti yako mwenyewe. Mnunuzi akidai kwamba amekutumia fedha zaidi kwa makosa na kukuhimiza urejeshe ziada mara moja, usirejeshe chochote kabla ya kuthibitisha na benki au kampuni ya simu.

Nawe mnunuzi, usiweke dau ambalo huna fedha yake. Ukipata dharura, mwarifu muuzaji kabla ya muda kwisha. Wengi humvumilia anayesema, si anayenyamaza. Na ukishalipa, muuzaji hana haki ya kuiuza mali hiyo kwa aliyetaja bei kubwa zaidi baadaye.

Wahenga walisema, ngoja ngoja huumiza matumbo, na wakasema pia, haraka haraka haina baraka. Muda ulioandikwa kabla ya dau la kwanza humwepusha muuzaji na yote mawili. Hifadhi tangazo la mnada, ujumbe wote na kumbukumbu za malipo hadi mali imfikie mnunuzi na pande zote ziridhike. Mgogoro ukitokea, hivyo ndivyo vitakavyoulizwa kwanza.