Mgeni Asemaye Garini

Kila asubuhi niwashapo gari langu, mwanamke nisiyemwona hunisemesha Kijapani. Sauti yake ni ya upole na heshima. Gari hilo liliundwa Japani mwaka 2008, likateremshwa bandarini Mombasa mwaka 2015, kabla ya kuzidi miaka minane ambayo kanuni zetu huruhusu, kisha likapita mikono miwili kabla ya kunifikia mimi. Kwalo humpeleka mama yangu kliniki, kutoka Ukunda hadi Msambweni. Mama, akisikia sauti ile, huitikia, “Marahaba, mwanangu.”

Siku moja tulipokuwa tukipita Gazi aliniuliza, “Huyu husemaje hasa?” Msomaji mpendwa, mimi nina shahada ya uzamifu katika isimu. Sikuwa na jibu. Ilinibidi ningoje mgeni mmoja aliyejua Kijapani anieleze kwamba bibi yule hasalimu: hulalamika kuwa kadi haijaingizwa. Ni kadi ya kulipia ushuru wa barabara kuu za Japani, mfumo uliosambazwa huko tangu mwaka 2001. Kumbe tulikuwa tukidaiwa kila uchao, nasi tukijibu marahaba!

Mama alikuwa na haja nyingine, kubwa kuliko hiyo. Alitaka redio. Redio ya gari ilikuwamo, tena nzima, lakini ilikuwa bubu. Sababu si ubovu. Japani ilipanga idhaa zake za FM baina ya megahezi 76 na 90, ilhali sisi hutumia 87.5 hadi 108. Redio iliyoundwa kwa ajili ya Tokyo huambulia ukingo mwembamba tu wa matangazo yetu. Pwani FM, iliyoko 103.1 hapa Mombasa na viunga vyake, haifikiwi kabisa.

Nikaenda kwa fundi wa umeme wa magari pale Ukunda. Dawa yake ilikuwa kijisanduku kidogo kuliko kiberiti, ambacho mafundi hukiita ekspanda. Alichomoa waya wa antena nyuma ya redio, akakipachika kijisanduku katikati, waya mweusi akaufunga kwenye bodi, na mwekundu akauunganisha na umeme unaokuja ufunguo ukizungushwa tu. “Nikiuweka kwenye umeme wa moja kwa moja, mwalimu,” alisema, “utanyonya betri usiku kucha.”

Alikuwa na mwanagenzi, kijana wa shule ya upili aliyekuwa likizoni. Kijana akamwuliza kidude kile hufanya nini. Fundi hakusita: “Stesheni hukaa ghorofa ya 103, na redio hii haina ngazi ya kupita ya 90. Hiki huishusha stesheni ghorofa 16 chini, redio ikaikuta.” Kijana alitoa haraka: 103.1 ukitoa 16 ni 87.1. Akaizungusha redio hadi 87.1, na sauti ya mtangazaji ikajaa garini. Kijana akashangaa, “Kumbe ‘frequency’ ndiyo hii?”

Swali hilo limeninyima usingizi. Kijana yule alikuwa amefundishwa neno hilo darasani. Alilikariri, akaliandika katika mtihani, na pengine akapewa alama. Lakini maana yake alikutana nayo gereji, kwa Kiswahili, kwa mfano wa ghorofa na ngazi. Darasani alikuwa kama mama yangu garini: akisikia sauti ya heshima kila asubuhi na kuitikia kwa adabu, bila kujua anaambiwa nini.

Wapo watakaosema Kiswahili hakina istilahi. La hasha! Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Wengine watasema Kiingereza ndicho mlango wa dunia. Sikipingi, kwani nami nilipitia mlango huo huo. Lakini waliounda gari langu walisoma fizikia kwa Kijapani, na hilo halikuwazuia kutuuzia magari. Katiba yetu ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Urasmi huo bado haujaingia katika somo la sayansi.

Sidai mitaala ipinduliwe kesho. Ninaloomba kwa walimu wenzangu ni dogo: ukishaifundisha dhana kwa Kiingereza, mwombe mwanafunzi akueleze kwa Kiswahili, au kwa Kidigo akipenda, kama angemweleza bibi yake. Akiweza, ameelewa. Akishindwa, rudieni. Nanyi wanafunzi msiione aibu kuuliza; mimi nimekaa na sauti ya Kijapani muda mrefu kwa kuona haya kuuliza.

Hata jina la kile kidude lingefaa kuchunguzwa darasani. “Ekspanda” humaanisha kitu kipanuacho, na chenyewe hakipanui chochote: huhamisha masafa kutoka juu hadi chini. Ningependekeza tukiite kishushamasafa, lakini fundi wangu ana haki ya kulikataa, maadamu yeye ndiye ajuaye kazi.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Fundi alijitolea kumnyamazisha yule bibi wa Kijapani kwa kuchomoa waya mmoja. Mama alikataa. “Mwacheni,” alisema. “Sasa najua asemalo.” Siku hizi sauti ile ikidai kadi yake, mama humjibu, “Hatuna, mwanangu,” kisha huniomba niifungue redio.