Barua ya IRS: Kuificha Kabatini Hakufuti Deni

Wengi wetu tunaoishi Marekani tumetoka katika nchi ambazo barua ya serikali huleta hofu. Ndiyo maana bahasha ya mamlaka ya kodi, IRS, ikifika, baadhi yetu huitupa kabatini bila kuifungua. Hapo ndipo hasara inapoanzia.

Chukua barua iitwayo CP2000. Namba hiyo huandikwa kwenye kona ya kulia, juu au chini. Barua hii si ankara wala si mashitaka. Ni pendekezo. Kompyuta za IRS hulinganisha fomu yako ya kodi na taarifa zilizopelekwa na mwajiri wako, benki na makampuni mengine. Hesabu zisipolingana, unaulizwa.

Mfano ni ndugu yetu anayebeba abiria wa Uber. Fomu 1099-K huonyesha malipo yote ya abiria, pamoja na sehemu inayokatwa na kampuni. Asipoitaja katika hesabu zake, IRS inaweza kuchukua kiasi chote kuwa ni pato lake, bila kuondoa makato hayo wala gharama za gari. Kodi inayopendekezwa inaweza kuwa kubwa kuliko anayodaiwa kwa haki.

Afanye nini? Kwanza, atazame tarehe ya mwisho ya kujibu, ambayo kwa kawaida ni siku 30 tangu tarehe ya barua. Akikubali, atie saini fomu ya majibu. Asipokubali, aeleze sababu kwa maandishi na kuambatanisha vivuli vya risiti na kumbukumbu za maili alizoendesha. Hati zenyewe abaki nazo. Asiye na fedha za kulipa kwa mkupuo anaweza kuomba kulipa kidogo kidogo.

Akinyamaza, hupelekewa notisi nyingine inayompa siku 90 za kufungua shauri katika Mahakama ya Kodi. Zikipita bila yeye kufanya hivyo, pendekezo linageuka kuwa deni, na riba inaendelea kupanda.

Mwenye kipato kidogo asikate tamaa. Zipo kliniki za kodi zisizo sehemu ya IRS, zinazosaidia watu kama yeye bure au kwa ada ndogo. Ama anayekupigia simu akitaka ulipe kodi kwa kadi za zawadi, huyo ni tapeli.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Fungua bahasha leo.