Kivu Kusini: Fukusi wa maharagi hutaga mayai shambani, kabla gunia halijafika nyumbani

Mkulima wa Kabare au Walungu anayevuna maharagi mwezi wa sita na kuweka mbegu hadi mwezi wa tisa anaijua shida hii: gunia lililofungwa likiwa safi linafunguliwa likiwa na unga na punje zenye matundu. Wengi huona heri kuuza mapema, bei ikiwa chini, kisha wanarudi sokoni kununua mbegu kwa bei ya juu.

Lawama huenda kwa depo. Lakini fukusi wa milimani, Acanthoscelides obtectus, mara nyingi huanzia shambani. Maganda yakianza kukauka, jike hutafuta ufa na kuacha mayai ndani. Mavuno yakichelewa, anapata nafasi zaidi. Kwenye gunia hutawanya mayai kati ya punje bila kuyabandika. Jike mmoja huweza kutaga 40 na zaidi.

Mdudu mkubwa haharibu punje kwa kula. Anayekula ni funza. Akitoka kwenye yai hutembea kutafuta punje, na ili atoboe lazima ajikaze kati ya punje mbili zinazogusana. Kazi hiyo humchukua karibu siku nzima. Ndiyo maana kugeuza gunia asubuhi na jioni kunamuua: kila mara anapoteza tundu aliloanza. Watafiti wa Marekani walionyesha hivyo mwaka 1991, na njia hiyo haigharimu hata franka moja.

Kwenye joto la bonde la Ruzizi, kuelekea Uvira, kuna mwingine: Zabrotes subfasciatus. Huyu hugandisha yai juu ya punje, nukta nyeupe inayoonekana kwa macho. Funza hutoboa moja kwa moja chini ya yai lake, kwa hiyo kugeuza gunia hakumsumbui sana.

Kwa wote wawili, kinachofaa ni kuvuna bila kukawia, kuanika vizuri juani, kisha kujaza bidoni kavu hadi mdomoni na kuifunga hewa isiingie. Bidoni iliyojaa nusu hubaki na hewa ya kuwatosha.

Joto likikaribia nyuzi 30, yai huwa fukusi kamili kwa muda wa karibu mwezi mmoja. Kwenye baridi ya milima huchukua zaidi. Kabla ya kutoka, funza huchonga duara chini ya ngozi ya punje, kama kidirisha. Punje yenye kidirisha hicho isichaguliwe kuwa mbegu, hata kama haijatoboka: mdudu bado yumo ndani.