Akiba haiozi, lakini mahindi yanaoza

Ndugu msomaji, hapa Nakivale wengine tunapokea mgao wa chakula, wengine tunapewa fedha za kununua sokoni, na wengine tunavuna kidogo katika vishamba vyetu. Kwa vyovyote vile, chakula ni kile kile na hakitoshi. Sokoni kinapimwa kwenye mizani. Kikishafika nyumbani, nani anapima? Panya anakula, fukusi wanatoboa maharage, unyevu unaingia kwenye gunia, na mwezi haujaisha sufuria imekauka. Kuongeza mgao hatuwezi. Kuzuia usipotelee nyumbani tunaweza.

Kwa nini unyevu ni adui?

Mvua zetu zina misimu miwili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Desemba. Gunia likilazwa kwenye sakafu ya udongo, linavuta maji kutoka chini na kuota ukungu. Aina fulani za ukungu hutoa sumu iitwayo sumukuvu, ambayo huharibu ini. Sumu hiyo haionekani kwa macho, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa sehemu za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao walikufa. Mahindi waliyokula yalikuwa yamehifadhiwa majumbani mwao yakiwa na unyevu.

Mambo matano ya kufanya

1. Pima ukavu. Anika mahindi juu ya mkeka au turubai, si juu ya udongo. Kisha chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko. Tia mahindi yafike kama robo ya chupa, ongeza kijiko cha chumvi kavu, funga na utikise dakika chache. Iache itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi, yarudishe juani. Isiponata, unaweza kuyaweka ghalani.

2. Jenga kichanja. Miti minne na fito zinatosha. Kifike usawa wa goti, na kisiguse ukuta. Acha nafasi ya mkono kupita, ili panya asipate ngazi na wewe upate mahali pa kufagia.

3. Tumia vyombo vyenye mfuniko. Ndoo, debe au bidoni lililokatwa vizuri na kufunikwa ni bora kuliko gunia wazi. Usitumie kamwe chombo kilichobeba dawa ya mimea au mafuta ya taa, hata ukikiosha mara kumi. Sabuni na mafuta ya taa viwe na pembe yao, mbali na chakula.

4. Mafuta na chumvi vipate kivuli. Mafuta ya mgao yametiwa vitamini A, inayosaidia macho na kinga ya mwili wa mtoto. Mwanga wa jua unaiharibu, kwa hiyo usiyaache kwenye chupa nyeupe dirishani. Chumvi yenye madini joto, inayotukinga na rovu, ifunikwe na ikae mbali na mvuke wa jiko.

5. Cha zamani kitangulie. Usimwage mahindi mapya juu ya yale yaliyobaki. Maliza ya zamani, safisha chombo na ukikaushe, ndipo utie mapya. Siku unapoleta chakula, kihesabu kwa kikombe. Kama ni vikombe 120 na una siku 30 mbele, basi ni vikombe 4 kwa siku. Wote nyumbani wajue hesabu hiyo, baba pia.

Ukikuta ukungu

Hapa ndipo pagumu. Tunapopita nyumba kwa nyumba, sisi wahudumu wa afya mnaotuita VHT, tunaulizwa: "Mwanangu, nitupe chakula watoto wale nini?" Swali hilo ni la haki. Jibu ni kwamba, kama ni punje chache, kaa chini uchambue. Toa zote zilizoota ukungu, zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zilizotobolewa. Kama gunia limeshikana mabonge au linanuka uvundo, usipike. Kulianika tena kunakausha ukungu, lakini sumu inabaki. Usiwape kuku wala ng'ombe, usitengenezee pombe, na usimuuzie jirani.

Kumbuka pia kwamba unga hauchambuliki. Punje mbovu ikishasagwa imejificha. Ndiyo maana tunashauri uhifadhi mahindi, kisha usage kidogo kidogo, ya siku chache tu. Mama anayenyonyesha awe mwangalifu zaidi, kwa kuwa sumu hii hupita kwenye maziwa.

Mtu akitapika, akiumwa tumbo au tumbo likavimba, na macho yakawa ya njano, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Beba na sampuli ya chakula alichokula.

Ndugu msomaji, wiki hii chagua siku moja ya jua. Toa magunia nje, fagia chini yake, tazama kona zote. Kama huna nguvu za kukata miti ya kichanja, kwa sababu ya uzee, ugonjwa au ujauzito, mwambie VHT wa kijiji chako ili vijana wa jirani waombwe kusaidia. Tumezoea kusema akiba haiozi. Huozi ikiwa imewekwa pakavu, juu, na imefunikwa.