Usimuuzie broka kasha la nyanya kabla ya kujua thamani yake

Sikiza msee. Lile kasha la nyanya lililojaa blanketi pale nyumbani, siku moja jamaa mwenye ulimi mtamu ataliona, akutajie elfu tano, keshi, papo hapo. Na landilodi anakudai. Utafanyaje?

Tuanzie Ufaransa. Mwaka wa 2021, wazee wawili, mtu na mkewe, walimuuzia mnunuzi wa vitu kuukuu kinyago cha Wafang wa Gabon kwa yuro 150. Kilikuwa cha babu ya mzee huyo, aliyekuwa gavana wa kikoloni huku Afrika. Machi 2022 kinyago kikapigwa mnada mjini Montpellier. Bei? Yuro milioni 4.2. Wazee wakakimbia kortini, na Desemba 2023 mahakama ya Alès ikawaambia walifaa kuwa makini kujua thamani ya mali yao kabla ya kuiuza. (Gabon nayo ilikidai kinyago. Mimi niko upande wa Gabon.)

Umeona shida iko wapi? Aliyekitazama ndiye aliyekuwa akikinunua. Mtu wa hivyo hawezi kukupa bei ya haki, hata akikuita ndugu. Mtafute mthamini asiyenunua, na mkubaliane ada mapema. Akitaka asilimia ya bei atakayotaja mwenyewe, toka. Watu wa makavazi, iwe Nairobi, Fort Jesus au Lamu, nao wanaweza kukueleza kitu chenyewe ni nini.

Tafadhali usilisugue. Usipake vanishi ndio ling'ae kwa picha. Ule weusi ulioachwa na mikono ya miaka mingi, misumari ya zamani, hata viraka vya fundi, ndivyo mtaalamu anavyosoma. Na mwulize nyanya, simu ikirekodi: alilipata wapi, kwa nani, lilisafirije hadi Nairobi? Kitu chenye historia inayojulikana huaminika haraka kuliko kile cha "tulikikuta tu hapo".

Halafu kuna sheria, na hii wengi hawaijui. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inahesabu kitu kilichoundwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kuwa cha kale, ukiondoa vitabu na hati. Mlango wa nakshi wa kabla ya 1946, kama ile ya Mji wa Kale, nao unalindwa. Hivyo havivuki mpaka bila kibali. Kwa hivyo broka akikwambia ana mteja majuu na mzigo utaondoka kesho, mwombe hicho kibali kwanza, uone atakavyonyamaza.

Vigango vya Wamijikenda ni stori tofauti kabisa. Viliibwa Pwani, vikauzwa kama mapambo, vikaishia kwenye makavazi ya Marekani, na baadhi vimerudishwa. Wenyewe wanakuambia kigango ni mzee wao aliyefariki. Huyo hapelekwi kwa mthamini.