Upanga wa Kichawi au Upanga wa Zindiko?

Kuna maneno ambayo yakivuka bahari hubadilika tabia. Vijana kadhaa wa Mji wa Kale, Mombasa, wamezoea kutafsiri kanuni za mchezo wa kigeni wa ngano na dadu, na ndani yake hutaja "upanga wa kichawi". Mwalimu mmoja aliyeyaona maneno hayo katika daftari la mwanafunzi alilitwaa daftari, akaupiga mchezo marufuku. Nimeombwa rai yangu, nami naitoa hapa, maana suala lenyewe ni la lugha kabla ya kuwa la nidhamu.

Kwanza tuueleze mchezo. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa Dungeons & Dragons. Wachezaji huketi mezani, kila mmoja akajitwalia nafsi ya shujaa wa kubuni, na mmoja wao huwa msimulizi na mwamuzi. Shujaa akitaka kumpiga adui, dadu hurushwa. Hesabu ikifikia kiwango kilichowekwa, pigo limepata. Upanga wenye nguvu za ajabu humwongezea mpigaji alama moja au mbili. Tena walikuwako maadui wasiodhurika kwa chuma cha kawaida, mpaka wapigwe kwa silaha ya fedha au ya ajabu. Katika kanuni za mwanzo upanga wa aina hiyo ulikuwa na msimamo wake wenyewe, na mtu wa msimamo ulio kinyume akiushika, aliumia.

Sasa tukisikilize Kiswahili. Kwetu mchawi ni mtu wa kudhuru. Anayetibu na kukinga ni mganga, naye hutoa kago, zindiko, hirizi na fingo. Kwa hiyo kumpa shujaa "upanga wa kichawi" ni kumvisha joho la mhalifu. Mwalimu alisikia kile hasa ambacho lugha ilimwambia. Mwanafunzi naye alikusudia jambo jingine kabisa. Tafsiri ya neno kwa neno ndiyo iliyowagombanisha.

La kusikitisha zaidi ni kwamba kanuni kama hizi tunazo pwani yetu. Katika utenzi uliotungwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, Fumo Liyongo hauawi kwa silaha za kawaida. Kitu kimoja tu ndicho kimwuacho, nacho ni sindano ya shaba ichomwayo kitovuni. Ebu msomaji aipime kanuni hiyo. Shaba si madini ya ajabu, na sindano ni chombo cha mshoni. Kinga ya Liyongo imo katika siri, na mfalme wa Pate hakuipata siri hiyo kwa jeshi, bali kwa kumrubuni mwana wa Liyongo mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako. Mchezaji wa dadu huuliza kama pigo limepata. Utenzi huuliza ni nani aliyeaminiwa siri, na ameitumiaje. Hapo kanuni ya vita inageuka kuwa funzo la maadili, na sidhani kuna mwalimu atakayelikataa funzo hilo darasani.

Rai yangu basi ni hii. Walimu wa Kiswahili wasiufukuze mchezo. Wawatake wanafunzi wauandike upya kwa Kiswahili. Waseme "upanga uliozindikwa", na mzazi ambaye dini yake haimruhusu kulikubali zindiko aridhike na "upanga wa ajabu". Waandike deraya, ngao, ala, podo, kitara na jambia, maneno ambayo wengi wao hawajapata kuyatamka. Zaidi ya yote, kila silaha wailipie miko yake, kwani kwa desturi zetu hakuna kago lisilo na miko. Ni nani haruhusiwi kuushika upanga huu? Ni tendo gani huuondolea nguvu? Mwanafunzi anayejibu maswali hayo kwa sentensi kamili amekwisha kuandika insha bila kulazimishwa.

Nanyi wanafunzi, kabla ya kurusha dadu tena, utafuteni utenzi wa Liyongo mkausome wote. Kisha mjadiliane: je, mwanawe Liyongo mngempa alama ngapi?